Neno Lililonipeleka Usoke

Niliondoka Tabora kwa sababu ya neno moja lililonishinda. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Kwa miezi minane nilikuwa nikiandika kijitabu cha kueleza Utao, yaani mafundisho ya Njia ya Wachina wa kale, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Aliyenifundisha alikuwa mkalimani wa madaktari wa Kichina, mtu mpole aliyezoea kununua chai dukani kwa baba yangu, mtaa wa Gongoni. Aliyapata mafundisho hayo kwa babu yake. Aliniomba nisiandike jina lake popote, maana kwao wakati ule mambo ya kale hayakupendwa.

Kiini cha mafundisho nilikuwa nimekiandika “kutotenda”. Mkuu wangu wa kazi alisoma, akavua miwani.

“Bi Zuwena, nani atalielewa hili? Nenda kawasomee wakulima. Wakikuelewa, tutachapa. Wasipokuelewa, tuachane nalo.”

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nusu ya moyo wangu ilitamani wasinielewe.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stesheni. Treni ya Kigoma ilifika saa tano, imejaa hadi milangoni. Nilisimama mwendo mrefu, begi lenye karatasi zangu nimelikumbatia mvua ya dirishani isiliguse. Nje ilikuwa misitu ya miombo, na miombo tena. Babu yangu mzaa baba aliipita nchi hii na misafara yake, mizigo ikiwa vichwani mwa babu za watu niliokuwa nakwenda kuwafundisha. Wazo hilo halikunipunguzia uchovu.

Usoke nilishuka alasiri, matope hadi vifundoni. Mwenyeji wangu, Mama Tabitha, mjane na mkulima wa tumbaku, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa darasa la kisomo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umelowa kama kifaranga. Ingia.”

Saa kumi jioni darasa lilikutana katika ghala la kijiji. Nikasoma. Nilisoma kwamba Njia haina jina, kwamba mwenye hekima hutenda kwa kutotenda. Mzee mmoja wa mbele alianza kukoroma. Wengine walinitazama kwa adabu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akasimama.

“Mwalimu, ngoja. Kutotenda ndiyo nini?”

“Ni kuacha mambo yaende, bila kuyalazimisha.”

“Yaende yenyewe? Hapa kila kaya ina shamba lake, na asiyelima tunamwita barazani. Leo unatoka mjini kuwaambia watu wasitende? Keshokutwa tunakutana tena. Uwe na maelezo, ama nitamwandikia mkuu wako.”

Asubuhi ya pili Mama Tabitha alinipeleka kwenye bani lake, nyumba ya kukaushia tumbaku. Lilikuwa limejaa majani yaliyotungwa kwenye fito, na jiko la kuni lilipeleka joto ndani kwa mabomba ya bati. Hayo yalikuwa mavuno yake ya kwanza kukaushwa mwaka ule. Jirani alikuwa amefiwa, ikambidi aende mazikoni.

“Moto huu uache ulivyo,” aliniambia. “Ukikaribia kuzimika, weka kigogo kimoja. Kimoja tu.”

Nikakaa. Moto ulionekana mdogo mno. Nilikuwa na aibu ya jana, nikitamani angalau jambo moja lifanikiwe mikononi mwangu. Nikaweka kigogo. Baadaye kidogo nikaweka vitatu. Mabomba yalipoanza kulia kwa joto, nilifurahi.

Mama Tabitha aliporudi hakunisalimu. Aligusa mlango kwa kiganja, akaufungua upesi. Majani yaliyopaswa kuwa ya njano kama ndizi mbivu yalikuwa na mabaka ya kahawia, mengine yamejikunja.

“Umeupapia moto, mwanangu. Una pupa.”

Heri angenifokea. Aliketi juu ya rundo la kuni, mikono mapajani, akayatazama majani.

“Nilitaka kukusaidia,” nikasema.

“Najua. Lakini jani halijawa njano, wewe unataka likauke. Halisikii haraka yako. Unakaa, unatazama, hulali, huchokonoi.”

“Basi kazi yako ni nini hapo?”

“Ni hiyo hiyo. Unadhani ni ndogo?”

Siku ya tatu, darasani, niliacha karatasi zangu begini. Niliwaeleza nilichofanya kwenye bani, mbele ya mwenye mali. Safari hii hakuna aliyekoroma. Kila mmoja pale aliwahi kuunguza majani, nao walianza kusimulia: aliyeng'oa mihogo kabla ya wakati, aliyemlazimisha ndama kunyonya hadi akakataa kabisa. Nikasema, “Hilo ndilo Wachina wale walilonena.”

“Basi si kutotenda,” alisema Mama Tabitha. “Ni kutopapia.”

Mwenyekiti alinyoosha kidole kwenye begi langu. “Hilo andika. Lakini uandike pia kwamba ni kazi.”

Siku mbili zilizofuata tulichambua majani, mazima huku, yenye mabaka kule. Rundo la mabaka lilikuwa kubwa. Siku ya sita bani lilijazwa upya, na Mama Tabitha akaniketisha tena mbele ya jiko, kutwa nzima. Mikono iliniwasha. Mara kumi nilinyanyuka kuzifuata kuni, mara kumi nikarudi kukaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Treni ya kurudi ilichelewa, nami nililala benchini bila kuiwaza. Mkalimani aliposikia neno jipya alilirudia taratibu mara tatu, akainamisha kichwa. Kijitabu kilichapwa, chembamba, karatasi mbovu.

Nilichojifunza ni kidogo, na bado hunishinda siku nyingi: wazo la mbali halimfikii mtu kwa kusomewa, humfikia kupitia jambo ambalo mikono yake inalijua. Mimi sikuwa na jambo hilo. Nilikwenda Usoke kama mwalimu, na ada ya somo langu ikalipwa na majani ya Mama Tabitha.