Madeni Niliyoyalea

Mwaka wa tatu tangu nifiwe na mume wangu, niliomba mkopo wa nyumba kwenye chama cha akiba hapa mjini Baraka. Nilikuwa nimechoka kupanga. Nilitaka vyumba viwili vyangu mwenyewe, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu.

Kabla ya kukupa mkopo, wanakamati hupita duka kwa duka wakiuliza kama unadaiwa. Sikuwa na wasiwasi. Mimi ni mwalimu, mshahara hata ukichelewa hufika, na unapitia kwao.

Wiki iliyofuata mwenyekiti aliniita. Mkononi alikuwa na karatasi ya madeni yangu: sabuni duka la kwanza, mafuta ya mawese la pili, sukari la tatu. Vyote vidogo, vyote vya siku nyingi.

"Mama mwalimu, feza uko nayo," alisema. "Sasa juu ya nini unabakisha deni fasi yote, kila duka? Muntu wa vile tunamuogopa. Lipa yote kwanza, njo tutakupatia mukopo."

Nilimwambia nimesahau. Mwongo mkubwa mimi. Madeni hayo nilikuwa nayabakisha kwa makusudi. Watoto wangu wako Lubumbashi, ndugu zangu wamebaki Fizi huko milimani, na mwanaume akipita kwa mjane bila sababu watu hawakosi la kusema. Deni ni sababu. Yule mzee wa duka la sukari alikuja kila Jumamosi kudai chake. Alikaa, akanywa chai, akalaumu barabara na bei ya mafuta, nami nikampa kidogo ili arudi. Wanasema dawa ya deni ni kulipa. Mimi ugonjwa wenyewe niliupenda.

Siku hiyohiyo nililipa maduka yote matatu. Mzee wa sukari alihesabu noti, akafuta jina langu daftarini na kunipa mkono kwa heshima. Mkopo ukatoka. Nyumba ilisimama kabla ya mvua.

Nina miezi saba humu, na Jumamosi haji mtu. Chama hukata pesa yake kwenye mshahara kabla sijaugusa, kwa hiyo hata wao hawaji kunidai. Upweke huu sikuuweka kwenye hesabu.

Juzi nilikwenda kwa yule mzee nikamwomba sukari kilo moja, nitalipa baadaye. Alicheka.

"Mama, we uko na nyumba yako sasa. Deni ya nini tena?"

Niliona haya kumwambia. Nikalipa, nikarudi kwangu.