Mwalimu wa Hesabu Anaitwa Ofisini

Wanafunzi walimpachika jina la Kiguu-na-Njia, na tuseme ukweli, lilimkaa. Kati ya walimu wote wa shule ile, yeye peke yake ndiye aliyetoka katika ile jamii ndogo ya ng'ambo ya reli. Basi akilia mtoto wa kwao, aitwe yeye. Akija mzazi wa kwao, aitwe yeye atafsiri. Bomba likipasuka na fundi akiwa wa kwao, haya, mwalimu wa hesabu mbio! Jamani, mtu kasomea hesabu, si mabomba!

Hata nyumbani hakuwa na utulivu. Anakula amesimama, sikio mlangoni, mpaka mumewe akawa anamsihi, "Mama watoto, kaa basi ule. Hakuna anayekuita."

Sasa siku yenyewe ilikuwa ya mkaguzi. Kiguu-na-Njia alikuwa bado yuko kwenye mwaka wake wa majaribio. Mkaguzi akiridhika, atathibitishwa kazini. Asiporidhika, atarudi kuwa mwalimu wa muda, leo shule hii, kesho ile.

Mkaguzi, mama mmoja mnene wa miwani, akajibana kwenye dawati la nyuma. Mwalimu akachora duara ubaoni, akaligawa vipande. Darasa likatulia tuli. Ndiyo kwanza somo linaanza kunoga, hodi! Karani wa shule.

"Mwalimu, unaitwa ofisini. Kuna mzazi wenu."

"Nina mgeni, dada. Mwambie mwalimu mkuu nafundisha."

Karani akamtupia jicho mkaguzi, akaondoka. Lakini moyo wa mwalimu ulikuwa umeshatoka naye. Alikuwa anasema nini vile? Theluthi? Robo? Mtoto wa mbele akamkumbusha, wenzake wakacheka, na masikio yakamwaka moto.

Punde hodi tena. Safari hii ni mwalimu mkuu mwenyewe, meno nje kwa ajili ya mkaguzi, na nyuma yake mwanamume mrefu, kofia mkononi.

"Samahani, mheshimiwa. Dakika moja tu. Mzee huyu hasikii lugha yetu, ananikodolea macho tu. Mwalimu atusaidie."

"Nani hasikii?" akasema yule mzazi, na lugha yenyewe ilimtoka vizuri kuliko hata mwalimu mkuu. "Hukuniuliza kitu. Uliniona tu mlangoni, ukasema ngoja nimwite mwenzako." Akamgeukia mwalimu. "Lakini afadhali, maana wewe ndiye niliyekuja kukushtaki. Binti yangu yuko darasa hili. Kila akirudi, daftari limeishia nusu ukurasa. Nikimuuliza, mwalimu kaitwa. Tulivyosikia tumepata mtu wetu shuleni tulitamba mtaa mzima, kumbe hatuna mwalimu!"

Mungu wangu! Bora angemzaba kibao. Kila alipotoka mbio alijipa moyo kwamba anawasaidia watu wake. Leo mtu wake mwenyewe anamsuta mbele ya mkaguzi, tena ana haki. Ilimuuma mpaka machozi yakamlengalenga.

Mkaguzi akavua miwani. "Ni kweli, mwalimu? Hukai darasani?"

Pale mlangoni mwalimu mkuu alikuwa anamkonyeza asije akamwaga mtama. Kiguu-na-Njia alimwona vizuri tu.

"Ni kweli, mama. Naitwa, natoka."

"Ni msaada mdogo mdogo tu, mheshimiwa," mwalimu mkuu akadakia. "Na yeye mwenyewe hana kinyongo. Hajawahi kulalamika hata siku moja! Muulize."

"Hilo nalo ni kweli?"

"Kweli."

"Mwaka mzima watoto wanabaki bila mwalimu, na wewe unanyamaza?" Sauti ya mkaguzi ilikuwa imepanda. "Kwa nini hukukataa?"

Mwalimu akaiweka chaki mezani.

"Ningekataaje, mama? Sijathibitishwa."