Makala Iliyomtaja Baba

Juzi niliona makala kuhusu wanawake wanaosingiziwa uchawi, nikakumbuka sebule yetu ya Kihesa mchana mmoja wa mvua nilipokuwa mtoto, ikinukia mahindi ya kuchemsha. Kwenye televisheni ya taifa, katika makala kama hiyo, alitokea shangazi, dada yake baba, ambaye tulikuwa tumeshamzika Kilolo.

"Waliponifukuza nilikwenda kwa kaka yangu," alisema, akitutazama. "Nikabisha hodi huku nimelowa. Hakunifungulia."

Sikujua kwamba alirekodiwa kabla ya kufa. Nilidhani yuko nje.

"Baba," nikasema, "mfungulie shangazi."

Majirani waliokuja kutazama televisheni kwetu wakaacha kubishana kuhusu makala ile, wakamgeukia baba. Baba akainuka, akaufungua mlango, akaitazama mvua kwa muda mrefu.

"Karibu ndani, dada," akasema.

Mama akasogea kwenye kochi, akaacha nafasi.