Taarifa Rasmi kwa Mikono Mitupu

Nina sauti ya kutangaza. Sijisifu, huu ni ugonjwa. Niliupata kambini Tanzania, nilikokulia, ambako kila jambo lilitangazwa na mtu mmoja aliyepita kati ya nyumba na kipaza sauti mdomoni: maharage yamefika, kesho kuna chanjo, wazee wanaitwa kikaoni. Watoto wenzangu walicheza mpira. Mimi niliokota kopo la mafuta, nikalitoboa kitako, nikatangaza. Tuliporudi Burundi nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiswahili hapa Gitega, na sauti ile nikavuka nayo mpaka. Hadi leo, chumvi ikiisha nyumbani kwangu, watoto wangu hulisikia jambo hilo kana kwamba nchi nzima imeishiwa.

Kwa hiyo korona ilipoingia, niliona kama zamu yangu imefika. Nchi nyingi zilifunga shule. Sisi hatukufunga, na hilo ndilo lililowachanganya wazazi. Kila nyumba ilikuwa na habari yake. Huyu amesikia konkuru, mtihani wa taifa wa darasa la tisa, imefutwa, yule ameambiwa watoto wanachomwa kijiti puani mpaka kinafika kwenye ubongo. Kuwaita wazazi wote katika chumba kimoja haikuwezekana tena, basi mkuu wa shule akatugawia mitaa tupite nyumba kwa nyumba.

"Weye, madamu, na Kiswahili chako cha redio, chukua Yoba," akaniambia.

Alikuwa ananitania. Mimi nilipokea maneno yale kama nishani. Jioni nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi, barakoa usoni, mpaka mume wangu akaniomba niende nikafanyie jikoni. Kesho yake nikavaa gauni langu jeusi, lile la mazishi na la siku za wakaguzi, kwa kuwa sikuwa na jingine la heshima. Maagizo niliyashika yote: usiingie ndani, usikae, usimpe mtu mkono, usinywe wala kula chochote. Nikajiona mwakilishi kamili wa sayansi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wangu wa darasa la tisa. Binti yule alikuwa akiandika insha fupi kuliko wote na bado anapata alama za juu, jambo lililoniudhi mwaka mzima. Bibi alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo. Aliponiona akainuka kwa furaha.

"Karibu, karibu madamu. Kaa."

"Asante bibi, sitakaa."

Akanyoosha mkono. Nikauficha wangu mgongoni. Akashangaa kidogo, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji.

"Kunywa basi."

"Asante bibi, sinywi."

Hapo aliacha kutabasamu. Mimi nilidhani ameanza kuona uzito wa kazi yangu. Nikasimama wima mlangoni pa ua, nikasafisha koo, nikaitoa ile sauti yote niliyoilea tangu kopo la mafuta.

"Bibi, nimetumwa na shule. Nina taarifa rasmi kuhusu mjukuu wako. Naomba utulie."

Sikufika hata kwenye habari ya kunawa mikono kwa sabuni. Kikombe kilianguka, bibi akaanguka baada yake, na kilio kilichotoka pale sijapata kukisikia hata msibani. Nikajaribu kumtuliza, na kwa kuwa kilio kilikuwa kikubwa nikapaza sauti zaidi: "Tulia bibi! Pole! Pole sana!" Majirani waliokuwa bado wanasitasita wakasikia pole hiyo, wakawa na hakika. Wakaja mbio. Mikeka ikatandikwa. Mwanaume mmoja akaondoka na baiskeli kwenda kupeleka habari msikitini. Mama mmoja mnene akanikumbatia kwa nguvu, akanililia begani, akanisifu kwa moyo wangu wa kumwambia bibi uso kwa uso. Agizo la kutogusana lilikufa pale pale, na hakuna kingine kilichokufa siku ile.

Nilikuwa bado ndani ya kumbatio lile, najaribu kusema kupitia barakoa kwamba mtoto ni mzima, wakati mtoto mwenyewe aliingia uani na bido la maji kichwani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Bibi yake alijikokota mpaka alipo, akamshika kichwa, mabega, mikono, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akanigeukia. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Madamu, toka. Hapa kwangu usirudi."

Kesho yake dawati la binti lilikuwa tupu. Nikasikia kwa wenzake kwamba bibi amempeleka Muyinga, kwa mjomba wake anayeshona nguo. Amesema shule iliyokwisha kumtangaza mtoto kuwa amekufa, yeye haiachii tena mtoto huyo. Konkuru ilikuwa imebaki wiki chache. Asipoifanya, mwaka wote umekwenda na maji, na mimi nimewaona mabinti waliotolewa shuleni "kwa muda tu" wakapewa kazi ya mikono. Nawajua kwa majina wote waliorudi, kwa sababu ni wachache mno. Nilimpigia mjomba simu. Nikasema, "Hapa ni shule," naye akakata. Mkuu wa shule alinitazama tu juu ya barakoa yake.

"Madamu, nilikutuma kutuliza watu."

Jumapili nikaenda Itaba kwa mama yangu, nikitafuta mtu wa kunionea huruma. Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaanza tena. Alipochoka akaniuliza:

"Mkononi ulibeba nini?"

"Nilibeba ujumbe."

"Ujumbe," akasema, akanitazama kama anayejiuliza aliniokota wapi.

Akanieleza, kwa sauti ya kumweleza mtoto, kitu ambacho kila mtu nchini anakijua isipokuwa mwalimu wa darasa la tisa. Mtu anayekuja kwenu kwa heri anakuja na kitu, kikapu, chupa, hata kipande cha boga, na anakibeba kichwani ili kionekane tangu mbali. Anakaa. Anakunywa ulichompa. Anayekuja mikono mitupu, akakataa kukaa, akakataa maji, huyo amekuja kubika, kuleta habari ya kifo. Watu hutazama mikono kabla ya uso. Mimi nilikuwa nimefuata desturi ya kutangaza kifo kutoka mwanzo hadi mwisho, gauni likiwemo, bila kukosea hata hatua moja.

"Mbona hukunifundisha?" nikalalamika.

"Kambini tungebeba nini?" akasema mama.

Hakucheka tena aliposema hivyo. Akainuka, akajaza kikapu ndizi mbivu, akanitwisha. Nikamwambia nitakibeba mkononi, mimi ni mwalimu. Akaniuliza kama shingo ya mwalimu ina mfupa tofauti.

Kwa hiyo nilishuka garini Muyinga nikiwa na mkoba begani, barakoa usoni na ndizi kichwani. Tangu utotoni sikuwa nimetwika kitu. Wanawake walinipita na mizigo mara mbili ya wangu, mikono yao ikining'inia kwa raha, wakiongea na kucheka. Mimi nilikishika kikapu kwa mikono yote miwili, shingo imekaza, natembea kama ninayevuka mto. Sokoni nikaulizwa ndizi ni bei gani. Nilijibu, kwa sauti yangu ile, kwamba haziuzwi, na nusu ya soko ikageuka.

Mjomba alikuwa kwenye baraza la nyumba yake na cherehani, anashona barakoa za vipande vya vitenge. Binti alikuwa mkekani pembeni, anatia kamba. Mjomba aliponiona akasimamisha gurudumu. Akatazama mikono yangu, akatazama kikapu, ndipo akashusha pumzi.

"Iko ndizi?"

"Ndizi."

"Bon. Kama iko ndizi, hakuna maiti. Karibu, madamu. Kaa."

Nikakaa. Nilikaa haraka hata kigoda kikalalamika. Akaniletea maji, na mimi, ambaye sikutaka kuvunja desturi wala kuvunja sheria, nikatoa kikombe changu mkobani nikamwomba amimine humo. Alinitazama.

"Weye unatembea na kikombe kama mgonjwa?"

"Ni kwa ajili ya korona, kaka."

"Ego, sawa. Lakini unakunywa?"

"Nakunywa."

Nikanywa yote mbele yake. Hapo ndipo akaongea, bila hasira, huku anachomoa uzi kwenye sindano.

"Dada yangu, mama ya huyu mtoto, alikufia ku hospitali. Mwenye alikuja kutuambia alisimama pale pale ku mlango, penye weye ulisimama. Mama yangu, bibi ya huyu, alimupa maji, akakataa. Donc weye ulipokataa, mama aliona ule mtu amerudi. Amemaliza binti yake, sasa anafuata mjukuu."

Binti aliinamia kamba zake. Nilitafuta ile sauti yangu, sikuipata. Nilisema pole, kwa sauti ya kawaida ya mtu, na safari hii pole yangu ilikuwa mahali pake. Niliona aibu sana, aibu isiyo na kichekesho ndani yake, nikatazama kikombe changu kitupu.

Baadaye nikamweleza mjomba nilichotumwa tangu mwanzo. Shule iko wazi, konkuru haikufutwa, mtoto aje na barakoa na anawe mikono, akikohoa abaki nyumbani na atupigie simu tumpelekee masomo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Yampaye inka!" akashangaa. "Na kwa hiyo tu ulivaa nguo nyeusi?"

Akamgeukia mpwa wake, akamwuliza anataka nini. Binti hakufikiri.

"Mi nataka kurudi. Huku naweka kamba tu, hata sijui nani atazivaa." Kisha akaniambia, kwa ufupi wake ule ule wa kwenye insha: "Lakini madamu, ukifika kwa bibi, uanze kucheka tangu barabarani. Akusikie mbele ya kukuona."

Ndivyo nilivyorudi Yoba. Binti mbele, mimi nyuma na kikapu alichojaza mjomba, nacheka. Sio rahisi kucheka peke yako barabarani bila sababu, jaribu uone. Watu walisimama. Niliposema hodi, bibi alikuwa tayari mlangoni, na mtu wa kwanza aliyemtazama hakuwa mimi. Alimshika mjukuu mkono, akauacha, akaushika tena.

"Weye umerogwa?" akaniuliza mwisho.

"Hapana, bibi. Nimefundishwa."

Nikakaa kwenye kigoda, mbali kidogo, na kikombe changu. Sasa ndipo nilipofika kwenye sabuni. Bibi alikuwa na maswali mengi, naye aliniuliza kuhusu kile kijiti. Nikamwambia hakifiki kwenye ubongo, kinawasha pua na kukutoa machozi, basi. Akasema machozi ameshatoa ya kutosha kwa sababu yangu. Binti akarudi darasani siku iliyofuata.

Nikapita nyumba zote za Yoba hivyo hivyo, ndizi kichwani, kicheko mbele. Shingo iliniuma mpaka nikawa nalala ubavu mmoja. Wazazi walinipokea, walisikiliza, walirudisha watoto, na wakaanza kunipigia simu wenyewe kuuliza hili na lile. Walimu wenzangu walinicheka hadi nao walipofukuzwa nyumba kadhaa. Baada ya hapo nilimwona mwalimu wa hesabu, mtu wa tai, akipanda mtaa wake amekumbatia kabichi.

Konkuru ikafanyika. Likizo ikaja, binti akaenda Muyinga kumsaidia mjomba wake. Siku matokeo yalipofika shuleni nilipitisha kidole kwenye majina, nikaliona lake, nikalisoma tena kwa kuogopa macho yangu. Kisha nikakimbia. Sikuaga, sikuchukua mkoba. Nilikimbia mpaka Yoba na viatu vya shule, mwanamke wa umri wangu, jasho linatoka, na machozi yanatoka kwa sababu ya furaha, na nilipofika mlangoni pa ua pumzi ilikuwa imeisha. Nikasimama pale nimeshika nguzo. Sikuweza kutoa neno.

Bibi alikuwa na ungo wake. Alinitazama mikono.

Safari hii hakulia. Aliuweka ungo chini polepole, pasipo kumwaga hata punje. Mtoto yuko Muyinga, na mimi nimesimama penye mlango, mikono mitupu, nalia. Niliona uso wake ukizeeka mbele yangu, nikaelewa nilichofanya, na sauti yangu, ile iliyotangaza maharage ya kambi nzima, ikakataa kabisa kutoka. Basi nikaingia. Nikaketi chini mchangani mbele yake, nikamshika mikono yote miwili bila kujali korona, nikatikisa kichwa, hapana, hapana, mpaka pumzi iliporudi.

"Amefaulu," nikasema. "Bibi, amefaulu."

Aliigeuza mikono yangu juu, akaitazama.

"Hata ndizi moja, madamu?" akasema. "Hata moja?"

Akajitoa, akaingia ndani, akarudi na maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Akanisimamia juu ya kichwa, akanitazama mpaka nikayamaliza.