Kovu Nililolifuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika ofisi ya kupiga chapa mjini Embu. Tulikuwa na kompyuta mbili, skana moja na laini ya simu, na mimi ndiye niliyejua kutumia skana. Watu waliniletea picha zilizochakaa, za harusi na za mazishi, nizisafishe. Mwenye ofisi aliniita daktari wa picha, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Jumatatu moja aliingia mwalimu wa kike kutoka shule ya msingi karibu na Siakago. Picha aliyoileta ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Kaka yake alikwenda kusoma ng'ambo, akaandika barua kwa miaka miwili, kisha akanyamaza. Sasa shamba la marehemu baba yao lilikuwa linagawanywa. Wazee wa ukoo wangekutana Jumamosi ya wiki iliyofuata, na baba yao mdogo alikuwa ameshaanza kusema kwamba kijana alikufa, fungu lake wapewe walio hai.

"Hata hasemi 'pengine'," mwalimu alisema. "Anasema 'marehemu'."

Wakenya wa mji aliokwenda kaka yake walikuwa na tovuti yao, na walibandika humo picha za watu wanaotafutwa. Masharti yao alikuwa ameyaandika kwenye karatasi: uso peke yake, upana wa pikseli mia na hamsini, faili isizidi kilobaiti ishirini. Wasomaji walilipia simu kwa dakika, na picha nzito hakuna aliyeingojea.

Picha yenyewe ilikuwa imekaa mahali penye unyevu na ukungu ulikuwa umeingia usoni. Niliipitisha kwenye skana, nikakata mabega na ukuta wa nyuma, nikaongeza mwanga kwa sababu skana yetu ilizitia giza nyuso za watu wetu. Kisha nikayaendea madoa. Unachukua kipande cha ngozi safi shavuni, unakipaka juu ya doa, doa linatoweka. Ni kazi tamu, na mkono ukishaizoea hauulizi tena. Mwisho nikaipunguza mpaka ukubwa wa stempu, nikaihifadhi juu ya ile ya kwanza, ile ikafutika, maana diski yetu ilikuwa imejaa.

Mwalimu aliinama akaitazama. "Amependeza," alisema. "Kama wa jana."

Niliituma kwa barua pepe, na jibu lilifika Jumanne ya wiki iliyofuata. Waliandika kwamba wanamjua mtu anayefanana naye sana, lakini wa kwao ana kovu chini ya jicho la kushoto na huyu hana. Poleni.

Nililisoma mara tatu. Nikaifungua faili na kuikuza, nikaona vimraba tu. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na ngozi laini, na ngozi hiyo niliipaka mimi. Kama niliipaka juu ya ukungu au juu ya kovu, sikuweza kujua. Picha halisi ilikuwa imerudi Siakago. Nilimtuma mwalimu mwenzake aliyekuja mjini kuchukua barua za shule amwambie aje haraka, na aje na picha. Sikusema kwa nini.

Alikuja Alhamisi, na baba mdogo akiwa nyuma yake, mzee mfupi aliyevaa koti zito katika joto lile.

"Nimekuja kuona hiyo mashini inayofufua watu," mzee alisema.

Nilimpa mwalimu ujumbe. Alipomaliza kusoma aliinua macho. "Lakini kaka ana kovu." Akafungua kitabu cha nyimbo. Katikati ya madoa mawili ya ukungu, chini ya jicho la kushoto, kulikuwa na mstari mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Hii hukuiona?"

"Niliiona. Nilidhani ni uchafu."

"Hiyo si uchafu. Hiyo ni yeye."

Mzee alivuta kiti akakaa. "Ngoja nielewe. Kovu lilikuwa hapa, wewe ukatoa."

"Ndiyo, mzee."

"Na kama unaweza kutoa, si unaweza pia kuweka?"

"Naweza."

"Basi hao watu wakisema ni yeye, nitajuaje nani amesema? Ni wao ama ni mashini?"

Mwalimu alinitazama akingoja jibu. Mzee ndiye aliyelitoa.

"Waulize huyo mtu wao kovu alilipata wapi, na tulikuwa nani na nani. Wewe hujui. Hata huyu hajui, alikuwa shule. Aliambiwa tu ndugu yake ameumia msituni. Andika, mimi nikiona."

Niliipitisha picha upya mbele ya macho yake. Safari hii sikugusa doa hata moja. Lakini nilipoipunguza, kovu liliyeyuka pamoja na ukungu. Nilipoongeza ubora, faili ikafika kilobaiti ishirini na sita. Nikaanza kukata pembeni.

"Sasa unamkata nini tena?" mzee aliuliza.

"Nywele na kidevu, mzee. Nibaki na kovu."

Ilifika kumi na tisa, na kovu lilionekana. Laini ilikatika mara mbili, ya tatu ikapitisha picha na swali.

Ijumaa walikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Saa nne niliunganisha kompyuta na laini ya simu kuangalia barua, hakuna kitu. Saa sita, hakuna kitu. Mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha, lakini kwa muda mrefu sikusikia ukurasa ukigeuzwa. Saa kumi kasoro ujumbe mmoja uliingia. Nilianza kuusoma nikakwama: ulikuwa kwa Kimbeere, lugha ya kina mwalimu. Mimi si wa huku, ni wa Kaaga. Kimbeere nakisikia kidogo, kukiandika siwezi. Nikauchapisha nikampa mzee kwanza, kwa sababu swali lilikuwa lake.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akampa mwalimu, naye akanieleza. Walikuwa wanne msituni, upande wa Kiambere, wakipandisha mzinga wa nyuki mtini kwa kamba. Mzinga ulianguka, ukingo wake ukamkata kijana chini ya jicho. Aliyeshika kamba alikuwa baba mdogo. Kijana alionywa asimwambie baba yake.

Mzee alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti.

"Kamba ilikuwa imelowa," alisema, kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

Mwalimu aliikunja karatasi. "Kesho utasema nini, baba?"

"Nitasema yuko hai."

"Na kamba?"

Mzee alinigeukia mimi akaomba nakala nyingine ya ujumbe. "Na usisafishe kitu."

Jumatatu mwalimu alipita ofisini. Fungu la kaka yake limeachwa kwa jina lake mwenyewe, alisema, na miti ya mpaka imepandwa. Nilimuuliza kuhusu kamba. Wazee walitaka kujua kovu lilitoka wapi, akaniambia, na baba mdogo akaweka nakala yake ya ujumbe mezani, akawaambia wasome wenyewe, akatoka nje mpaka walipomaliza.