Chai Niliyoifunika kwa Kisahani

Nesi alisoma kipimo, akakunja midomo. "Damu yako iko chini, mama kijacho. Isipopanda, hapa hatukuzalishi. Utakwenda hospitali ya mkoa."

Nilitoka nje. Niliwaza damu itakayomwagika siku ya kujifungua, na mimi mwenyewe sina ya kutosha.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwahi kuruka kidonge. Mimi ni mtu wa kupanga vikombe mpaka vishikio vyote vitazame upande mmoja. Kila alfajiri, hapa Iringa nyumbani kwa mama mkwe, nilimeza kidonge cha damu, kile cha madini ya chuma, pamoja na cha kalsiamu alichoninunulia wifi, nikavisukuma kwa chai ya maziwa. Baridi ya huku haimpi mtu hamu ya maji.

Sijasomea utabibu. Nilisoma karatasi ya ndani ya boksi la vidonge mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kalsiamu huyazuia madini ya chuma kuingia vizuri mwilini. Chai na maziwa nayo hivyo hivyo. Sikuyaamini macho yangu, nikarudi kwa nesi.

"Ni kweli," alisema. "Cha damu meza kwa maji, na chungwa kama lipo. Chai ije baadaye. Kalsiamu iwe ya jioni. Hatukukwambia?"

"Hamkuniambia," nilijibu, na kwa mara ya kwanza sikuomba radhi kwa kusema kweli.

Wifi alicheka. "Vyote si vinaenda tumbo hilo hilo? Viache vikagombane huko."

"Vikigombana, wifi, anayeumia ni mimi."

Jumamosi, jumuiya ya kanisani ilikuja kusali kwetu asubuhi na mapema. Kidonge nilikuwa nimekimeza muda huo huo. Mama mkwe akanimiminia chai mbele ya watu wote. Huku kikombe cha chai ndiyo karibu yenyewe. Ukikikataa, umewakataa watu.

"Asante, mama. Nitakunywa baadaye."

Kisha mama mmoja akasema, "Huyu kwao Madibira, kazoea maji ya mashamba ya mpunga. Maziwa yetu anaona yana sumu!"

Wakacheka. Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani kukimeza kikombe kizima, yaishe. Sikukigusa.

"Mwanangu, unaniaibisha," mama mkwe alininong'oneza.

"Nisamehe, mama. Ila nikipungukiwa damu, aibu haitanisaidia."

Hakunisemesha mpaka jioni. Nililia chooni, na kesho yake nikameza kwa maji tena.

Kliniki iliyofuata nilikwenda na mama mkwe. Nesi alisoma kipimo, akatabasamu: imepanda, nitajifungulia hapa hapa.

"Ni maombi yetu," mama mkwe alisema njiani.

"Ni maombi, mama. Na maji."

Alinitazama kwa jicho la pembeni. Asubuhi iliyofuata alinimiminia chai kama kawaida. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemeza kidonge. Nilikifunika kikombe kwa kisahani mbele ya macho yake, nikageuza kishikio upande wangu, nikasubiri.