Mke wa Mbalamwezi

Wifi yangu Mwanaima ananuka dagaa. Nasema kwa upendo, maana kaka yangu Assani alimwoa na harufu yake, na mimi nimemtania kwa hilo tangu harusini. Alfajiri ananunua dagaa Kibirizi, kwenye mwalo wa Ziwa Tanganyika, mitumbwi inapotia nanga, anawaanika kwenye chanja nyuma ya nyumba yao ya Bangwe, na wakikauka anawauzia wachuuzi wa Kasulu.

Nyumba hiyo iko jirani mno na ziwa. Maji yalipopanda yalimeza migomba, kisha choo, kisha yakaja kulala kwenye ngazi ya jikoni. Baadaye yalirudi nyuma kidogo, lakini usingizi wa Assani haukurudi. Aliposikia kwamba kuna kampuni inauza viwanja vilivyopimwa Kidahwe, huko juu mbali na ziwa, mtaa mzima umepangwa, barabara pana, maji ya bomba na eneo la shule, alitaka wanunue hata kesho.

Mwanaima hakukataa, alitaka akaone kwanza. Hapo akafanya kosa la watu wa ziwani: alikwenda kuona wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na waanikaji wanapumzika. Ndizo siku zetu za harusi na za kusukana nywele, na kila jambo huonekana jepesi. Nilifuatana nao. Wifi alisimama katikati ya kiwanja, akavuta hewa, akasema huku mvua inyeshe inavyotaka, yeye atalala. Akachagua hata mahali pa kujenga jiko. Kaka yangu alicheka peke yake njia nzima ya kurudi.

Giza liliporudi na kazi ikarudi, Mwanaima akaanza kujiuliza. Kutoka Kidahwe angefikaje Kibirizi kabla dagaa wazuri hawajaisha? Na angeanika wapi? Bwana Leodgar wa kampuni alimjibu kwa adabu kwamba kanuni za mtaa haziruhusu kuanika samaki. Wiki nzima wifi alikuwa mkali hata kwa kuku. Nilimhurumia, lakini kaka yangu nilimhurumia zaidi, kwa sababu kila mawingu yalipofunga upande wa Kongo alianza kuhamisha godoro.

Siku moja niliwakuta barazani wamepeana migongo, chai imepoa.

"Mama Nasri, mimi sikukatazi kazi," Assani alikuwa anasema. "Naogopa maji."

"Najua, baba Nasri. Na mimi naogopa kukaa bila kazi. Huko nitakuwa nani?"

Iliniuma, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Kisha Mwanaima akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, mbona siku ile kule alipapenda sana.

"Ulikwenda mbalamwezi," Assani akamjibu.

"Basi niwe nakwenda mbalamwezi."

Assani aligeuka akamtazama, nikaona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Wakanunua, wakajenga vyumba viwili na baraza. Kitanda kizuri, cherehani na picha za harusi vikapanda Kidahwe pamoja na Assani, ambaye sasa amepanda migomba mipya na analala fofofo. Bangwe pamebaki chanja, sufuria na godoro la Mwanaima wakati wa giza. Maji yakirudi, hayana cha maana cha kubeba. Gharama ya nauli ipo, na majirani wa Kidahwe wana maneno yao kuhusu bwana ambaye mkewe huja na mwezi. Wifi akiyasikia anacheka.

Mbalamwezi iliyopita nilimsindikiza. Alikuwa ameoga mara mbili kwa sabuni ya kunukia, amevaa kanga mpya, nami nikamtania kwamba mwali mwenye mvi nimemwona leo. Assani alikuwa anatusubiri kituoni, uwanja wake ameufagia tangu asubuhi. Akampokea mkoba, akainama karibu na mtandio wake.

"Bado unanuka dagaa," akasema.

"Nimeoga mara mbili, baba Nasri."

"Ungeacha tu. Nimeikosa harufu hiyo tangu ulipoondoka."

Wifi aliinamisha uso akatembea mbele. Mimi nikabaki nyuma kidogo, niwaachie njia.